Heinrich Biber: Mpiga Fidla wa Askofu Mkuu na Nyuzi za Rozari



Kila jioni ya mwezi Oktoba, baada ya Masifu ya Jioni na kabla ya chakula, sisi mafrateri hukusanyika mbele ya groto ya Bikira Maria kusali Rozari Takatifu. Tuseme ukweli mbele yako, msomaji mpendwa. Salamu Maria ya tatu bado tupo. Ikifika ya saba, mmoja anawaza mtihani wa metafizikia, mwingine ameshasikia harufu ya maharage kutoka jikoni, na kiongozi akikosea hesabu na kusali kumi na moja, wanaogundua ni wachache. Midomo inakwenda, moyo umebaki darasani. Tunaamini hali hii haipo seminarini peke yake. Hata kwenye jumuiya ndogondogo wapo wanaosali Rozari huku jicho moja likiangalia sufuria.

Kutokana na aibu hiyo tumeona vema mwezi huu tumtazame mtu mmoja aliyeisali Rozari kwa fidla. Jina lake ni Heinrich Ignaz Franz Biber, mpiga fidla na mtunzi wa kasri la Askofu Mkuu wa Salzburg, katika nchi ambayo leo ni Austria. Biber alitunga sonata kwa kila tendo la Rozari, na karibu kwa kila tendo alimtaka mpigaji asimame kwanza, azikaze au azilegeze nyuzi za chombo chake, ndipo aanze. Mwenye kusali hawezi kuingia katika tendo jipya na fidla ileile aliyotoka nayo katika tendo lililopita. Hilo ndilo lililotushika, na ndilo tutakalokaa nalo zaidi katika makala hii.

Mtumishi aliyeondoka bila ruhusa

Biber alibatizwa tarehe 12 Agosti 1644 huko Wartenberg, mji mdogo wa Bohemia, ambao leo unaitwa Stráž pod Ralskem na upo katika Jamhuri ya Cheki. Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa bado havijaisha. Viliisha mwaka 1648, yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Alipofika umri wa miaka ishirini na kitu tunamkuta Kroměříž, Moravia, akimtumikia Askofu wa Olomouc, Karl Liechtenstein-Castelcorn. Askofu huyu aliupenda muziki na alikuwa na kundi zuri la wapigaji. Lakini tusifikirie kwamba mwanamuziki wa kasri wakati ule alikuwa kama msanii wa leo. Alikuwa mtumishi. Biber mwenyewe aliandikwa kama mtumishi wa chumbani wa bwana wake na papo hapo mpiga fidla. Aliyekuwa akipiga sonata jioni ndiye aliyeweza kutumwa asubuhi.

Na kweli alitumwa. Mwaka 1670 Askofu alimwagiza aende Absam, karibu na Innsbruck, kwa fundi Jacob Stainer, ambaye fidla zake zilisifiwa kuliko karibu zote za kaskazini mwa milima ya Alpi, akanunue vyombo kwa ajili ya kasri. Biber aliondoka Kroměříž, ila hakurudi. Alikwenda Salzburg, akaingia katika utumishi wa Askofu Mkuu Max Gandolph von Kuenburg, bila kumuaga bwana wake wa zamani.

Tumelijadili jambo hili bwenini kwa zaidi ya usiku mmoja, na hatukukubaliana. Upo upande uliosema kwamba kipaji kinatafuta mahali pake, na kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kwenda panapomfaa. Upande wa pili ulijibu kwamba kutumwa kazi na kutumia safari hiyohiyo kutoroka ni kumdhulumu aliyekuamini, hata kama baadaye utatunga muziki wa malaika. Sisi tunaoandika tunaegemea upande wa pili, ingawa tunakiri kwamba tumefaidika na kosa hilo. Askofu Karl aliudhika, lakini kwa kuwa alikuwa rafiki wa Max Gandolph hakudai mtumishi wake arudishwe kwa nguvu. Alichofanya ni kumnyima barua ya kumfungua, na akaikawiza hadi mwaka 1676. Katika miaka hiyo na hata baadaye Biber aliendelea kupeleka nakala za tungo zake Kroměříž, na ndiyo sababu hadi leo hazina kubwa ya kazi alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe iko katika mji alioukimbia. Hakuna barua ya toba tunayoweza kuwaonyesha. Zipo nota tu.

Salzburg alipanda ngazi. Mwaka 1672 alioa. Walijaliwa watoto kumi na mmoja, na kati yao wanne tu ndio waliofikia utu uzima. Mwaka 1677 alipiga mbele ya Kaisari Leopold I, aliyekuwa mtunzi mzuri yeye mwenyewe, akapewa mkufu wa dhahabu. Mwaka 1679 akawa makamu wa mkuu wa muziki wa kasri, na mwaka 1684 akawa mkuu kamili, akiwajibika pia kuwafundisha watoto waimbaji wa kanisa kuu. Aliomba cheo cha ukabaila mwaka 1681 akakataliwa. Aliomba tena, akakipata mwaka 1690, na tangu hapo akajiita Biber von Bibern. Udhaifu huu mdogo wa kutaka jina refu unatufanya tumpende zaidi. Alifariki Salzburg tarehe 3 Mei 1704.

Kazi zake ni nyingi, nasi tutazipita haraka. Kuna Battalia ya mwaka 1673, muziki wa vita ambamo askari walevi wanaimba nyimbo mbalimbali kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa ufunguo wake, kama kwaya nne za dekania zinazofanya mazoezi kwenye ukumbi mmoja. Humo pia karatasi inawekwa chini ya nyuzi za fidla kubwa ya besi ili itoe mlio wa ngoma. Na mwisho wake si ushindi, ni maombolezo ya majeruhi. Kuna sonata nane za fidla zilizochapwa mwaka 1681. Kuna Requiem mbili ambazo wanakwaya wa sauti nne wangefaidika sana kuzisikiliza. Na kuna Misa ya Salzburg, yenye mistari hamsini na mitatu ya sauti na vyombo, ambayo wataalamu kwa muda mrefu walidhani ni ya Mwitaliano Orazio Benevoli na kwamba iliimbwa mwaka 1628 kanisa kuu lilipowekwa wakfu. Leo wengi wanaihesabu kuwa ya Biber, iliyotungwa kwa sherehe za mwaka 1682, Salzburg ilipoadhimisha miaka 1,100 ya Kanisa lake.

Fidla inayosali

Sasa tufike tulipokusudia. Sonata za Rozari zimehifadhiwa katika muswada mmoja tu, ulioandikwa kwa mkono, ambao upo katika Maktaba ya Taifa ya Bavaria mjini München. Zilitungwa katika miaka ya 1670 na zimetolewa kwa heshima ya Askofu Mkuu Max Gandolph, aliyekuwa mwenezaji mkubwa wa ibada ya Rozari. Ukurasa wa kichwa umepotea. Jina tunalozipa limetokana na picha ndogo zilizobandikwa mwanzoni mwa kila sonata: malaika Gabrieli na Bikira Maria, kisha Maria kwa Elizabeti, kisha hori la Bethlehemu, na kuendelea hadi Maria anapowekwa Malkia mbinguni. Ni matendo kumi na tano: matano ya furaha, matano ya uchungu na matano ya utukufu. Msomaji asiyatafute Matendo ya Mwanga, maana hayo tumepewa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 2002.

Fidla ina nyuzi nne. Kwa kawaida, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, zinatoa sauti G, D, A na E. Mpigaji amezoea umbali huo tangu utoto wake, na vidole vyake vinajua pa kwenda hata gizani. Kuzikaza au kuzilegeza nyuzi ili zitoe sauti nyingine kunaitwa skordatura. Biber hakuvumbua mbinu hiyo, lakini ni vigumu kumpata aliyeifikisha mbali kama yeye. Kati ya sonata kumi na tano ni ya kwanza peke yake, ile ya Malaika Gabrieli kumpasha Maria habari, inayotumia mpangilio wa kawaida. Nyingine kumi na nne zina mipangilio kumi na minne, na hakuna unaofanana na mwenzake.

Kuna ugumu ambao asiyepiga chombo anaweza asiuone. Biber aliandika nota zake kana kwamba fidla iko katika hali ya kawaida. Mpigaji anasoma nota, anaweka kidole pale nota inapomwelekeza, na masikio yake yanapokea sauti nyingine kabisa. Jicho linasema hivi, sikio linasema vile. Akijaribu kusahihisha kwa akili yake mwenyewe, anaharibu. Hana budi kuweka kidole alipoambiwa na kuamini kwamba mtunzi alijua.

Tulijaribu kwa gitaa la kwaya yetu, kwa kuwa fidla hatuna. Frateri mmoja alizungusha vigingi vitatu bila kutuambia, mwenzake akashika wimbo wa Mama Maria anaoufahamu usingizini. Vidole vilikuwa sahihi kabisa. Kilichotoka kilimfanya mpishi achungulie dirishani. Tukacheka, halafu tukajiuliza ni mara ngapi sisi wenyewe tumeweka vidole mahali sahihi juu ya Rozari na kikatoka kitu cha namna hiyo. Uzi mmoja wa gitaa ulikatika tulipojaribu kuukaza zaidi, na mwalimu wa kwaya bado anatudai.

Tuzifuate nyuzi zenyewe basi, hasa katika Matendo ya Uchungu. Katika tendo la kwanza, Yesu anapotoka jasho la damu bustanini, nyuzi mbili nene zinakazwa kidogo na mbili nyembamba zinalegezwa: A bemoli, E bemoli, G, D. Fidla inaminywa katikati. Sauti yake inafifia kama mtu anayesema akiwa na kitu kooni. Katika tendo la pili, Yesu anapigwa mijeledi, uzi mnene unapandishwa kutoka G hadi C. Katika tendo la tatu, Yesu anatiwa taji la miiba, uzi huohuo unavutwa hadi D, daraja tano juu ya kawaida yake. Nyuzi za wakati ule zilikuwa za utumbo wa kondoo, na yeyote aliyewahi kuvuta kamba hadi ikaanza kulia anajua hofu ya mpigaji hapo. Chombo chenyewe kinateswa, tena kweli, wala si kwa mfano tu.

Tulipofika tendo la tano, Yesu anakufa msalabani, tulitegemea mpangilio wa kutisha kuliko yote. Kumbe ni uzi mmoja tu uliobadilishwa. Ule mwembamba, wa juu, umeshushwa kutoka E hadi D. Zile nyingine tatu zimerudi mahali pake. Mvutano umekwisha, na kilicho juu kimeinama. Hatusemi kwamba Biber aliandika maelezo hayo mahali fulani. Tunasema kwamba fidla inasikika hivyo, na ukizikumbuka sonata nne zilizotangulia utasikia pia. Mwishoni nota zinakimbia kwa kasi, na wengi wamesikia humo tetemeko la nchi.

Kisha Ufufuko. Hapa Biber anafanya jambo ambalo hata wasiojua muziki wanaweza kuliona kwa macho. Nyuzi mbili za katikati zinavuliwa na kubadilishana nafasi: wa pili unakwenda mahali pa wa tatu na wa tatu mahali pa wa pili. Zinapishana nyuma ya kidaraja cha fidla, na zinapishana tena kule juu karibu na vigingi. Mahali zinapopishana, pana msalaba. Mpigaji anaupiga muziki wa Pasaka huku akiwa na msalaba mikononi, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kidevu chake. Na nyuzi zenyewe zinabaki na sauti mbili tu, G na D, kila moja ya chini na ya juu, hata fidla moja inasikika kama watu wawili wanaoimba pamoja. Ndipo unapoingia wimbo wa kale wa Pasaka, Surrexit Christus hodie, ambao waamini wa Salzburg waliujua.

Katika Kupaa Bwana nyuzi zinatoa C, E, G na C, sauti ambazo tarumbeta inazipenda, na Biber anaandika humo wimbo wa wapiga tarumbeta, huku besi ikipiga mfano wa ngoma. Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza anaweza kutabasamu, nasi tulitabasamu.

Tusiruke jambo moja linaloweza kumkwaza mtu. Ndani ya sonata hizi kuna dansi. Allemande, courante, sarabande, gigue: hizi zilikuwa dansi za kumbi za mabwana. Hata tendo la Yesu kupigwa mijeledi limeundwa kwa allemande na sarabande. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anajilaumu kwa nyakati ambazo uimbaji ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Sijui angesema nini kuhusu sarabande ya mijeledi. Hata sisi, tunaowaona watoto wa Utoto Mtakatifu wakicheza wakati wa Utukufu, tuna ndugu wanaosema kwamba mwili ukicheza sala imetoka. Biber hakufikiri hivyo. Kwake mwili wa mpigaji, mkono wenye upinde, nyuzi na mbao, vyote vilialikwa kusali.

Somo la Mtakatifu Thoma

Kwa kuwa tunasoma falsafa, tuvumilieni kidogo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya yule anayekipokea. Maji yaleyale yakimiminwa katika kibuyu na katika sinia hayatakuwa na umbo moja. Kanuni hii tuliisoma tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama, tukaisahau. Biber ametukumbusha. Kidole kilekile, upinde uleule, mahali palepale juu ya ubao. Lakini nyuzi zikiwa zimekazwa tofauti, kinachotoka ni tofauti. Salamu Maria ni ileile kumi na tano mara kumi. Tendo la furaha na tendo la uchungu zinatenganishwa na namna tulivyokazwa au kulegezwa kabla ya kuanza, na kile kituo kifupi tunachotaja tendo, ambacho sisi hukipita kwa pumzi moja, ndicho ambacho mpiga fidla analazimika kusimama, kuzungusha vigingi na kusikiliza.

(Wapigaji wengi wa siku hizi huingia jukwaani na fidla kadhaa zilizokwisha kuandaliwa ili wasisimame. Tunawaelewa, nyuzi hukatika. Lakini kuna kitu kinapotea.)

Kanuni hiyo ina upande mwingine usiofariji. Huko Vienna kuna nakala ya sonata ya Kusulibiwa ambayo inahusishwa na Andreas Anton Schmelzer. Nota karibu ni zilezile za Biber. Vichwa ndivyo vilivyobadilishwa: sasa ni habari ya Waturuki kuuzingira mji wa Vienna mwaka 1683, shambulio, sala za Wakristo, na ushindi. Muziki uliokuwa Mwana wa Mungu akifa kwa ajili ya adui zake umekuwa muziki wa adui kufukuzwa. Na unafaa! Ukisoma vichwa hivyo huku ukisikiliza, unasikia farasi. Hapo tulikaa kimya darasani. Ikiwa sauti peke yake haiwezi kutuambia kama tuko Kalvari au uwanja wa vita, basi mwenye kuusikiliza anabeba wajibu mkubwa kuliko alivyodhani.

Kilichotokea nje ya kasri

Na kuna jambo ambalo tungependa kuliacha, ila tukiliacha tutakuwa tumewadanganya. Kati ya mwaka 1675 na 1690, yaani miaka ileile ambayo sonata hizi zilitungwa na kupigwa, mahakama za Salzburg ziliendesha kesi za uchawi ambazo ni kati ya mbaya kuliko zote za Ulaya ya wakati ule. Mtawala wa nchi alikuwa Askofu Mkuu mwenyewe, maana Salzburg iliunganisha fimbo ya kiaskofu na upanga wa serikali. Aliyetafutwa alikuwa kijana ombaomba, Jakob Koller, aliyedaiwa kuwafundisha watoto wa mitaani uchawi. Yeye hakukamatwa kamwe. Walikamatwa wengine. Waliouawa wanahesabiwa kuwa 139, na wengi wao walikuwa wavulana na vijana maskini, wasio na wazazi wala makazi, baadhi yao watoto wa umri wa darasa la tano na la sita.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa anayekumbuka habari za vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni hahitaji tumweleze jinsi mambo haya yanavyoanza. Yanaanza na ng'ombe kufa, mvua kuharibu mazao, na mtu asiye na wa kumtetea kupita njiani.

Hatumhukumu Biber, hakuwa hakimu. Lakini mshahara wake ulitoka katika hazina ileile, na kitabu cha Rozari alikitoa kwa bwana yuleyule. Max Gandolph aliipenda Rozari. Hatuna sababu ya kudhani kwamba alijifanya. Aliyatafakari Matendo ya Uchungu, labda akiwa na fidla ya Biber masikioni, kijana asiye na hatia akipigwa mijeledi kwa amri ya mtawala. Na chini ya utawala wake mwenyewe vijana walikuwa wakihojiwa kwa mateso. Ilikuwaje asisikie? Tumeuliza swali hili kwa mwalimu wetu wa maadili. Alinyamaza kidogo, akatuuliza sisi, ambao tunamhurumia Yesu mbele ya groto, kama tunalijua jina la kijana anayelala nje ya geti letu siku za soko. Hatukulijua.

Pasakalia ya Malaika Mlinzi

Baada ya sonata ya kumi na tano, muswada una kipande kimoja zaidi. Picha yake ni ya Malaika Mlinzi aliyemshika mtoto mkono. Sikukuu ya Malaika Walinzi, tarehe 2 Oktoba, ilikuwa ndiyo kwanza imeenezwa na Papa Klementi X kwa Kanisa lote mwaka 1670, nayo inaangukia mwanzoni kabisa mwa mwezi wetu wa Rozari.

Hapa nyuzi zinarudi katika hali ya kawaida, G, D, A, E, kama zilivyokuwa Gabrieli alipoingia nyumbani kwa Maria. Kinanda kilichosindikiza sonata zote kimenyamaza. Fidla iko peke yake, na inaanza na nota nne zinazoshuka: G, F, E bemoli, D. Kisha inazirudia. Inazirudia tena, mara 65 kwa jumla, na juu ya nota hizo nne Biber anajenga kila kitu anachokijua: mbio, vilio, minong'ono, sauti mbili na tatu kwa upinde mmoja. Zile nne hazikomi. Wakati mwingine zimefunikwa hata unadhani zimekwisha, ukitega sikio unazikuta chini, zinatembea kwa hatua zilezile.

Sonata hizi zilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, miaka mia mbili na mmoja baada ya kifo cha mtunzi, na leo zinapatikana kwenye intaneti kwa yeyote mwenye simu na kifurushi. Asiye na muda aanze na ya kwanza, kisha ya sita, ya kumi na ya kumi na moja, kwa mpangilio huo. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wapiga fidla wa kasri hilohilo. Mmoja wao, Karl Heinrich, alikuwa mkuu wa muziki mwaka 1743, mwaka ambao Leopold Mozart aliingia humo kama mpiga fidla. Mabinti wawili waliingia utawani. Mmoja alipokelewa na Wabenedikti wa Nonnberg, juu ya kilima kile kile kilipo kasri la Salzburg, mwaka 1696, akauongoza muziki wa monasteri. Jina lake la kitawa lilikuwa Maria Rosa Henrica: Henrica kwa ajili ya baba yake, na Rosa, tunapenda kudhani, kwa ajili ya Rozari.

Usiku wa tarehe 2 tuliisikiliza Pasakalia kwa spika ndogo, tukiwa saba, taa zimezimwa kwa sababu ya mgao wa umeme. Dakika takriban tisa. Frateri aliyekata uzi wa gitaa alikuwa akihesabu marudio kwa punje za rozari yake, na alipofika kumi akaanza upya, na upya, mpaka mwisho. Alituambia alipata 63. Tukaurudia.